Miaka Tisa Aliyojipunguzia Baba

Mara ya kwanza nilianguka mtihani kwa sababu ya adabu zangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa benki moja ya Muscat iliyokuwa ikikopesha watu wa kujenga nyumba. Benki ilikuwa imeamua kwamba hakuna atakayeshika faili la mkopo wa nyumba mpaka afaulu mitihani mitatu: wa mahesabu, wa sheria za rehani, na wa mazungumzo. Mahesabu nilipata. Sheria nilipata pia, ingawa Kiarabu cha mikataba si kile ninachonunulia samaki. Wa mazungumzo ndio ulioniangusha.

Katika mtihani ule msahihishaji alijifanya mteja, nawe ulipewa nusu saa umuulize maswali na kuijaza fomu. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, rika la ami zangu. Nikamuuliza hali yake, nikamuuliza watu wa nyumbani, nikampa pole ya joto la njiani, na nilipotanabahi, dakika kumi zilikuwa zimekwenda. Fomu ikataka umri wake. Mtu mzima kama yule haulizwi umri, nikaruka. Fomu ikataka idadi ya wake zake, nikaruka na hapo. Ikataka idadi ya watoto, na kwetu sisi watoto wa watu hawahesabiwi, jicho halina dawa. Nikaandika kwenye kisanduku: "Wapo, alhamdulillahi."

Mwalimu wetu, Msudani mmoja mpole aliyeletwa na benki kutufundisha, alinirudishia ile karatasi huku akicheka mpaka akajifuta macho. Aliniambia kwamba benki haina haya, na kwamba mimi yangu niivue mlangoni kama watu wanavyovua viatu. Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi ni mwepesi wa hasira, nimeumbwa hivyo, na siku ile nilimjibu kila aliyecheka mpaka wakaniogopa. Nikapewa miezi mitatu nijaribu tena. Nikianguka mara ya pili, kazi yangu ingekuwa kupanga mafaili ghalani mpaka nistaafu.

Nyumbani, wakati huohuo, tulikuwa na jambo letu. Tulikaa Hamriya, katika nyumba ya kupanga nyuma ya maduka, na cherehani za mafundi zilisikika tangu asubuhi. Baba alikuwa karani wa stoo ya serikali. Yeye na mama walikuja Oman kutoka Unguja na watoto, wakiwa na masanduku mawili, na tangu siku hiyo mama hakuwahi kupigilia msumari kwenye ukuta wowote. Kuta zilikuwa za watu. Picha zetu zote ziliegemezwa juu ya kabati.

Kisha baba akapata kiwanja Mabela. Siku hizo kule kulikuwa na changarawe na vyuma vilivyopakwa rangi nyekundu pembeni, basi. Ijumaa baada ya sala tulikwenda kukitazama. Mama alikuwa akivua viatu na kutembea juu ya mawe ya moto, akituonyesha jiko liko wapi, chumba cha wageni kiko wapi, mlango utatazama upande gani ili upepo uingie. Mara nyingine alinikemea nisipite mahali fulani kwa sababu pale pana ukuta.

Baba aliomba mkopo kwenye benki yangu. Faili lake lilikuwa kwa mwenzangu mmoja aliyekwisha kufaulu, na hata waliofaulu hawakuruhusiwa kugusa mafaili ya ndugu zao. Sharti lilikuwa moja zito: mkopo uishe kabla mkopaji hajafika miaka sitini. Kwa karatasi zake baba alikuwa na hamsini na moja. Miaka tisa ilikuwa inabana, lakini mshahara wake ulitosha, na mwenzangu alikuwa ameshaninong'oneza kwamba litapita.

Isipokuwa baba hakuwa na miaka hamsini na moja.

Hili nyumbani lilikuwa mzaha wa zamani. Wazee wetu waliporudi Oman wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, wakapelekwa mbele ya madaktari wakakadiriwa umri. Kazi ya stoo aliyoitaka baba ilikuwa ya watu wasiozidi miaka thelathini. Baba alijipaka piko, rangi nyeusi ya nywele, kichwani na kwenye ndevu, akaingia chumbani kifua mbele, na daktari akamtazama meno, ambayo Mungu alimjaalia mazuri mno, akamwandika ishirini na tisa. Mama, aliyeandikwa umri wake wa kweli, akajikuta amemzidi mumewe miaka mitano. Akitaka kumchokoza alimwita "mume wangu mdogo." Na kaka yetu mkubwa, kwa mujibu wa serikali, alizaliwa na baba wa miaka kumi na miwili. Tulicheka sana. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na nje ya nyumba hakuna aliyelitamka.

Mimi nami nililijua kwa namna hiyo, kama kichekesho. Sikuwahi kukaa nikatoa na kujumlisha, hata baada ya faili kufika benki, hata baada ya kuzikariri sheria zote za umri na muda wa mkopo. Watu wananiuliza inawezekanaje karani wa mahesabu asipige hesabu ile. Inawezekana. Kuna hesabu ambazo mtu huzipita kando.

Mwalimu alinishauri nijizoeze nyumbani na mtu mzima ninayemwonea haya kuliko wote. Nilikuwa naye mmoja tu. Baba alilifurahia jambo lile kupita kiasi. Kila Alkhamisi baada ya alasiri alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akajitia udi, akatoka nje na kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza ya chakula na fomu zangu. Aliingia, akatoa salamu, akangoja aambiwe akae. Mara ya kwanza nilicheka, yeye hakucheka. Akaniambia mteja akiingia na afisa akacheka, mteja ataondoka.

Nilimuuliza jina lake, nikamuuliza kazi yake, na mshahara wake, jambo ambalo maishani sijapata kumuuliza. Nilipofika kwenye umri nikakwama. Baba akaona.

"Uliza," alisema. "Hapa mimi si babako."

Nikamuuliza, uso wangu umeinamia karatasi.

"Sitini," alisema. "Mfunguo Tatu ntatimiza sitini na moja, inshallah."

Mama, aliyekuwa akichambua mbaazi mlangoni mwa jiko, aliiacha mikono yake ndani ya sinia. Nadhani najua kwa nini neno lile lilimtoka baba. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliulizwa umri na makarani asiowajua, akawajibu ya karatasi bila kupepesa. Safari hii aliulizwa na binti yake, nyumbani kwake, kwa heshima, na yeye akajibu kama anavyojibu mtu anayeheshimiwa. Kisha akaiona kalamu yangu imesimama.

"Andika hamsini na moja," alisema.

Kujua kwa mzaha na kujua kwa kuambiwa ni vitu viwili. Sitini maana yake ni kwamba hakuna mkopo, si wa miaka tisa wala wa mwezi mmoja. Lakini si hilo lililonitisha. Nilikuwa nimetoka kusoma mlango wa bima. Kila mkopo wa nyumba ulikuwa na bima juu ya roho ya mkopaji: akifa, kampuni ya bima inalipa kilichobaki, na wajane na watoto wanabaki na nyumba yao. Ikigundulika alidanganya umri, bima inabatilika kama vile haijapata kuwapo, na benki inamgeukia mjane.

Nikamweleza baba pale pale, kwanza kwa upole. Alinisikiliza, kisha akasema umri wa mja anaujua Mola wake, na kwamba wale madaktari ndio waliomwandika, yeye hakushika kalamu. Nikamwambia kalamu hakushika lakini piko alishika. Sauti yangu ilipanda. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii baba yake: kwamba anamjengea mama nyumba ya kufukuzwa, kwamba ananitia mimi katika uongo alioufanya nikiwa mtoto wa miaka mitano. Mama akaniambia nishushe sauti, majirani. Baba hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mimi nyumba nnaitaka ya nini?" alisema. "Ya mamako hiyo. Mimi nshakaa kwenye za watu, nshazoea."

Nikampa karatasi nyingine, ile ambayo kila anayefaulu hutia saini siku ya kukabidhiwa cheo. Ilikuwa ya Kiarabu, mistari minane. Ilisema kwamba afisa hataficha jambo lolote analolijua juu ya ombi lolote la mkopo lililo mbele ya benki, liwe mikononi mwake au mwa mwenzake. Baba akavaa miwani. Aliisoma mara mbili, kidole chake kikifuata mstari.

"Hii utaitia saini?"

"Nikifaulu. Tunaitia wote."

"Na mimi ni ombi lolote."

"Ndiyo, Baba."

Akaikunja palepale ilipokunjwa, akanirudishia. "Basi faulu," alisema.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Hatukuacha kujizoeza. Kila Alkhamisi alibisha hodi, akakaa, akajibu, na tukifika kwenye umri alisema hamsini na moja nami nikaandika hamsini na moja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama aliacha kukaa mlangoni mwa jiko. Ijumaa tulikwenda Mabela kama kawaida, lakini sasa alikaa garini na mlango wazi, akisema miguu inamuuma. Nilikonda. Nilimkaripia kila mtu ofisini, mpaka mpeleka chai akawa anaiacha chai yangu kwenye meza ya jirani.

Nilikuwa na njia tatu, na zote nilizichukia. Ya kwanza, niandike barua kwa mkuu wa kitengo, nyumba ya mama iishie kwenye changarawe. Ya pili, nianguke mtihani makusudi, nisitie saini yoyote, niende zangu ghalani. Hii niliitamani sana. Nilijiona nimeinama katikati ya mafaili yenye vumbi, msafi kama malaika. Lakini kuanguka kwangu kusingebadilisha umri wa baba wala bima ya mama. Kungeniosha mimi peke yangu. Ya tatu ilikuwa kufaulu, kutia saini, na kunyamaza.

Nilikata shauri asubuhi ya mtihani, ndani ya teksi, kabla hatujafika Ruwi. Nitanyamaza. Nilijiambia baba ana afya, meno yake yote yako kinywani, babu yake alifika tisini. Nilijiambia wangapi wa rika lake wamejenga kwa umri wa karatasi na nyumba zimesimama. Nilipokwisha kukata shauri nikasikia wepesi mwili mzima, na wepesi ule ndio unaonitia aibu mpaka leo, kwa sababu sikuupata tena katika jambo lolote la haki.

Msahihishaji alikuwa yuleyule mwenye ndevu nyeupe. Safari hii nilimsalimu kwa maneno matatu nikaanza kazi. Nikamuuliza umri, akasema hamsini na tano. Wake: wawili. Watoto: saba, na umri wa kila mmoja. Mkubwa, akasema, ana arubaini na mbili. Aliposema hivyo akatengeneza mkunjo wa kilemba chake. Baba wa miaka kumi na mitatu. Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, kwa Kiarabu changu kilichonyooka kuliko siku zote, kwamba faili hili nalisimamisha mpaka umri uthibitishwe.

Akajitia kuudhika. Akasema yeye ni sawa na baba yangu, binti gani huyu asiye na haya? Ilikuwa sehemu ya mtihani.

"Kwa kuwa ni sawa na baba yangu," nilimjibu. "Ukifa kesho, bima haitalipa, na wake zako watatolewa nje. Mimi siwezi kuwa sababu."

Akaandika kitu, akaniambia nimefaulu na kwamba jibu lile angependa wengine walisikie. Nilimshukuru. Kila neno nililosema lilikuwa kweli na sikukusudia kulifuata hata moja.

Nilirudi ofisini kabla ya adhuhuri. Mwenzangu aliyekuwa na faili la baba alinipa hongera, habari zilikuwa zimeshafika. Kisha akaniuliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema baba alikuwa hapa tangu mlango ulipofunguliwa, amevaa vizuri, amejitia udi. Alikuja kuliondoa ombi lake. Aliandika kwa mkono wake kwamba amebadili nia, akachukua mulkiya yake, hati ya kile kiwanja, akampa mkono na kwenda zake. Mwenzangu alimwambia lilibaki muhuri mmoja tu. Baba akamjibu kwamba anajua.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Wakati mimi niko ndani ya teksi nikikata shauri la kunyamaza, yeye alikuwa amesimama nje ya benki akingoja wafungue.

Nyumbani nilimkuta anakula. Akaniuliza nimefaulu, nikasema ndiyo. Akasema alhamdulillahi, kisha akaniambia niitie saini ile karatasi bila wasiwasi, sasa sina cha kuficha.

"Kwa nini, Baba?" nilimuuliza.

"Mimi nnakujua," alisema. "Wewe usingeweza. Ungenisema, halafu ungekufa kwa uchungu. Bora nimejisema mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua kinywa. Ningeweza kumwambia: Baba, nilikuwa nimeshanyamaza. Mulkiya ilikuwa juu ya meza, kando ya sahani yake, na benki ilikuwa inafungua kesho. Lakini aliniangalia kwa fahari ambayo sijapata kuiona tena kwa mtu yeyote, nami sikutaka kuipoteza. Nikanawa mikono nikakaa kula.

Nilitia saini. Baba alilieneza jambo lile msikitini Hamriya, bila ya kutaja umri, kwamba binti yake akiweka jina lake mahali basi pameshika. Watu wakawa wananiletea amana zao na ugomvi wao, nami nikazipokea. Kazini nikawa afisa mkali kuliko wote. Nilisimamisha mafaili ya wazee wengi kwa umri uliokatwa, na binti zao wakikaa pembeni wakinitazama, sikuwatazama. Mwalimu wangu Msudani angejivuna.

Baba alistaafu siku ambayo karatasi zilisema ana sitini. Alikuwa na sitini na tisa na magoti yamekwisha. Mabela ilikuwa imejaa nyumba pande zote, na kiwanja chetu kilikuwa pengo ambalo watu wanaegesha magari. Akakiuza, pesa zikaenda kwenye matibabu yake, na mwaka haukumalizika akafariki katika nyumba ya kupanga. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa na tuna nyumba yetu, nikamwomba mama aje kwangu. Alisema kwa mkwe hakukaliwi, kunatembelewa.

Kisha mwenye nyumba wa Hamriya akataka nyumba yake. Anaivunja, ajenge maduka. Alimpa mama miezi miwili. Nilikwenda kumsaidia kufunga vitu, na siku nzima alifanya kazi bila ya kulalamika, akakunja shuka, akafunga vyombo kwa magazeti. Alasiri alikaa kitandani katikati ya masanduku. Alikuwa amechoka, mtu mzima wa karibu miaka sabini anayeambiwa ahame kama mpangaji wa juzi.

"Nambie kweli," alisema. "Siku ile babako asingelitoa lile faili. Ungemsema?"

Hakuniuliza kwa ugomvi. Alitaka kujua nyumba yake ilikwenda kwa sababu gani. Niliangalia mikono yake, ina wino wa magazeti mpaka kwenye vifundo. Nikimwambia la, basi mumewe aliitoa bure, na yeye alikaa miaka yote ile kwenye kuta za watu kwa ajili ya uaminifu ambao haukuwapo.

"Ningemsema, Mama," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi alikujua," alisema, akaniomba nimpe kamba afunge sanduku.